Vigelegele vya Mlima wa Pugu

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, enzi za Mwingereza, na hata leo nikiitaja damu inanichemka. Kaa chini, mwanangu, maana jana nimekusikia barazani ukijigamba kwamba mlima uwe mkali vipi, wewe hushuki kwenye baiskeli.

Nilikuwa mke mchanga pale Temeke, mimba yangu ya kwanza ina miezi saba. Kwetu Wazaramo mimba ya kwanza hurudishwa kwa mama, mtoto azaliwe huko, na mama yangu alikaa Pugu, juu ya mlima. Babu yako akanipakia kwenye keria, furushi la nguo mapajani, tukaenda. Njia ya tambarare sina neno nayo, alinipeleka taratibu kama yai.

Chini ya mlima palikuwa na muuza kahawa, na hapo ndipo walipokaa vijana wenzake wenye baiskeli. Walikuwa na mchezo wao wa kipumbavu: atakayeshuka na kukokota baiskeli hupigiwa vigelegele kama bi harusi.

Nikamwambia, "Bwana, nishushe hapa nitembee. Tumbo linavuta."

"Kaa hapo hapo. Unataka wanipigie vigelegele?"

Akasimama juu ya pedeli, akapanda akienda upande upande. Katikati ya mlima gurudumu likaingia kwenye changarawe, baiskeli ikayumba, nikaona naanguka na mtoto wangu. Nikateleza chini mwenyewe. Unajua alichofanya? Baiskeli ilipopata wepesi alizidi kukanyaga, wenzake kule chini wakimshangilia. Hakugeuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baadaye alisema kwamba angesimama pale asingeweza kuanza tena, kwa ukali wa mlima. Ni kweli, asingeweza. Na mimi je, niliweza?

Nikapanda kwa miguu, jua la mchana, furushi kichwani, mkono tumboni. Nilikuwa na hasira hata nikasahau kulia.

Yaliyotokea huko juu nilisimuliwa na shangazi yangu, aliyekuwapo nyumbani kwa mama. Babu yako alikuwa barazani anakunywa maji na kujisifu. Mama alikuwa nyuma ya mlango, kajitanda kanga, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akasema kutoka ndani, "Mkwe wangu, baiskeli naiona. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuaja, mama."

Mama akatoka, akapita mbele yake uso wazi, mwiko na uvunjike, akateremka kunitafuta. Alinikuta nimeketi kando ya njia, nguo imeingia damu. Akaniinua. Tulipofika nyumbani akamkabili babu yako.

"Baiskeli italala hapa mpaka mwanangu ajifungue. Wewe rudi Temeke kwa miguu."

Mkwe hamjibu mama mkwe. Akateremka mlima kwa miguu, akapita kwa muuza kahawa, na wale wale waliomshangilia wakampigia vigelegele mpaka akapotea machoni pao.

Mimi nililazwa kitandani mpaka siku ya kujifungua, mama akininywesha uji, kila nikigeuka namwomba Mungu asininyang'anye mtoto. Babu yako aliniomba radhi, tukazeeka pamoja, na mengi nimemsamehe. Hili la mlimani bado lina moto, na yeye tumeshamzika.

Basi sikiliza, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiwa peke yako panda utakavyo, upasuke mapafu, shauri yako. Ukimpakia mtu, mlima si wako peke yako. Akikwambia nishushe, mshushe, na wewe ushuke, uikokote hiyo baiskeli mwende pamoja. Wanaopiga vigelegele waache wapige, damu ikitoka hutawaona.

Mtoto yule ndiye baba yako. Mlima wa Pugu aliupanda kwa miguu yangu hii. Mungu akujalie miguu kama hiyo, mwanangu, na akupe masikio ya kumsikia aliyekaa nyuma yako.