Matawi Niliyoyaondoa Gakenke

Iko siku moja ambayo naikumbuka bila kutaka, mwanangu, na leo umeniletea tena. Nimekuuliza njia ya Musanze iko vipi, ukanijibu huku unakaza kamba za vitanda ulivyopakia, hata uso hukuugeuza: "Iko sawa tu, muzee. Jana mtu amepita."

Mtu amepita. Nimechoka kulisikia neno hilo. Kila masika yakianza milima inashuka barabarani, na kila mara nawakuta nyinyi madereva wa hapa Gisozi, Kigali, mmeinamia simu. Mmoja kaandika kwenye kundi lenu kwamba amepita, basi wengine wote mnawasha magari. Hakuna anayeuliza amepita saa ngapi, na mzigo gani, na mlima ulifanya nini baada ya yeye kupita. Mimi sina gari siku hizi. Nakaa tu kwenye karakana ya mkwe wangu, kuangalia kabati la mtu lisipakiwe kichwa chini miguu juu. Sikuzuii kusafiri, maana najua bwana harusi wa watu anangoja kitanda. Lakini kaa hapo kwenye mbao kidogo. Mvua yenyewe bado inanyesha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa naendesha lori la tajiri mmoja wa Biryogo, mtaa wetu hapa Kigali, na lori lake la pili lilikuwa mikononi mwa Mzee Rajabu. Huyo ndiye aliyenifundisha gari, kuanzia kubadilisha gurudumu mpaka kushuka mlima kwa gea badala ya kukanyaga breki njia nzima. Babu yake alitoka Ujiji na misafara ya biashara, na wangu vilevile, kwa hiyo Kiswahili kwetu kilikuwa cha nyumbani, na watu wa mtaani walituona ndugu. Rajabu alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini kila tulipokuta matawi yamewekwa barabarani alisimamisha gari na kuniambia maneno yaleyale: "Tawi barabarani ni mtu. Kaona kitu ambacho wewe hujakiona. Shuka umsikilize."

Nilimsikia mara mia. Kusikia si kazi. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa zima kabisa, halikuumwa, lilikuwa na kiburi tu.

Ukweli ni kwamba sisi madereva wenyewe ndio tulioharibu ile desturi. Lori likiharibika kwenye kona, dereva anakata matawi, anayatandaza nyuma na mbele ili wenzake wapunguze mwendo. Vizuri. Akimaliza kutengeneza, anaondoka zake na kuyaacha palepale. Unafika kesho yake unakuta matawi, unapunguza, unachungulia, hakuna kitu. Kesho kutwa tena hivyohivyo. Mwishowe mtu akiona tawi anasema moyoni, hawa wavivu wameacha takataka zao. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao wavivu, nakiri.

Basi siku hiyo tulipakia vyombo vya harusi, vitanda, makabati, meza na viti, vyote vya bibi harusi mmoja aliyekuwa anaolewa Gisenyi. Malori mawili. Tuliondoka Kigali baada ya sala ya alfajiri. Njia ile ilikuwa bado ya udongo, lami haijafika, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Tulipofika mji mdogo wa Base, Rajabu akasimama kunywa chai. Mimi chai sikuitaka. Nilitaka kufika Gisenyi wa kwanza, wanawake wapige vigelegele, wazee waulize kijana huyu ni nani aliyeleta vyombo mvua yote hii. Shati langu jeupe nilikuwa nimelitundika ndani ya gari, limepigwa pasi. Nikamwambia Rajabu, "Niruhusu nitangulie." Hakuwahi kuniruhusu kabla ya siku ile. Akanitazama, akapuliza chai yake, akasema, "Tangulia. Nakuja nyuma yako."

Kwenye kona za Gakenke nikayakuta. Matawi ya mikaratusi, mabichi, yamepangwa barabara nzima, na vigogo viwili vya mgomba juu yake. Nilishuka. Hapakuwa na mtu. Juu ya barabara palikuwa na nyumba ya mama mmoja mzee tuliyemjua sote, Verediyana, aliyekuwa akituuzia kabichi na karoti hapo kando ya njia. Nyumba ilikuwa imefungwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyekata matawi yale alfajiri, peke yake, akayapanga, kisha akapanda mlima kwenda kuwaita wanaume waje na majembe.

Nikaitazama barabara. Juu ilikuwa nzima. Palikuwa na ufa mmoja tu, upana wa kidole, umekwenda sambamba na ukingo wa upande wa bonde. Majani ya ukingoni yalikuwa bado yamesimama kijani. Kuchungulia chini ya ukingo sikuchungulia. Ningechungulia ningeona kwamba udongo wa chini ulikuwa umeshakwenda, na ile barabara imebaki kama meza isiyo na miguu upande mmoja. Nikavuta matawi na vile vigogo, nikavitupa vyote mtaroni. Haikunichukua muda wowote. Nikaingia kwenye gari nikapita.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ilipo dhambi yangu, siyo pale nilipopita. Magurudumu ya nyuma yalipokanyaga pale nilihisi barabara inabonyea. Niliihisi mwilini. Nilipovuka nikasimama, nikatazama nyuma kupitia dirisha, nikauona ule ufa. Haukuwa wa kidole tena, ungetosha kiganja kizima. Na nilijua ni nani anayekuja nyuma yangu. Nikawaza kushuka kuyarudisha yale matawi. Mvua ilikuwa inamwagika, nami nilikuwa nimeshalowa, na harusi ilikuwa inaningoja. Nikajiambia: Rajabu ni fundi, ataona mwenyewe. Nikakanyaga mafuta.

Nilifika wa kwanza. Vigelegele nilipigiwa. Nilivaa shati langu na nikala pilau, na kila niliyemwambia "mwenzangu yuko nyuma" aliniamini, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Alasiri ndipo alipokuja mtu na habari. Lori la Rajabu limekwenda bondeni na kipande cha barabara. Watu wa mlima ule walishuka kumtoa, wakamlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa milimani, wakambeba mabegani kwa zamu mpaka hospitali. Yuko hai. Mguu wa kulia hauwezi kubaki.

Nilimkuta amelala, blanketi limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Wallahi nilikuwa nimejiandaa. Lakini yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu anayejihesabia makosa: "Hapakuwa na alama yoyote. Ningeona hata jani moja ningesimama." Akanitazama nimshuhudie. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Hapakuwa na kitu."

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Methali haikunionya juu ya hilo.

Uongo ule haukukaa hospitalini, ulirudi na sisi Biryogo. Madereva wakauliza, ile kona si iko chini ya nyumba ya yule mama wa kabichi? Aliona mlima unakatika akashindwa kuweka hata tawi? Yeye akasema aliweka. Nani angemwamini? Rajabu haongopi, na mimi nilipita kabla yake nikasema hapakuwa na kitu. Wakamwita mchawi, wakamwita mwongo, na gari la Kigali halikusimama tena pale kununua hata karoti moja. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nakunywa chai yangu, nasikia jina la mwanamke wa watu likitemewa mate. Mwanangu, mtu anaweza kuchoka bila kubeba kitu chochote mikononi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchoka.

Ikapita miaka sita. Siku moja nikapita tena Gakenke, jua linawaka, nikamwona amekaa na kabichi zake, ameziosha vizuri, magari yanampita tu. Sijui nini kilinishika, nikasimama, nikanunua mbili. Alisimama akazipokea fedha kwa mikono miwili. Akaniambia kwa Kinyarwanda kwamba mimi ni dereva wa kwanza wa Kigali kusimama pale tangu lile gari lianguke. Akaniombea Mungu anilinde njiani. Akaongeza kwamba ninayo huruma.

Ningepigwa kofi ningevumilia. Ile dua sikuiweza. Niligeuza gari palepale, mzigo wa tajiri ukiwa nyuma, nikarudi Kigali.

Rajabu wakati huo alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amekaa barazani Biryogo anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja uliobaki. Nikasimama mbele yake nikasema yote, matawi, ufa, na ile kusimama kwangu nikatazama nyuma. Hakuinua kichwa. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja ile nguo na kuiweka pembeni. Nilikuwa namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Kisha akasema, "Kesho unanipeleka kwa yule mama. Miaka sita nimemlaani kwenye sala zangu."

Tukaenda. Alishuka na magongo yake kwenye matope yale, hakutaka nimshike. Akamweleza yule bibi yote niliyomwambia, akamwomba radhi, mtu mzima yule, na machozi yakamtoka. Bibi akamshika mikono, akamwambia yamekwisha. Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Aliniuliza tu, kwa upole:

"Matawi yale yalikuwa mazito?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini hukuyarudisha?"

Nimezeeka na swali hilo. Mvua si jibu, wala harusi, wala shati.

Rajabu alinisamehe. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya watu, na niliendelea kula nyumbani kwake kila Idi mpaka alipofariki. Lakini kabla ya siku ile alikuwa akiniita mwanangu. Baada ya hapo aliniita kwa jina langu, kwa heshima, kama unavyomwita mtu yeyote wa mtaani. Hakunilaumu kamwe, na mimi sikuweza kumwomba anirudishie lile neno.

Ndiyo maana nakusumbua leo. Njia ya sasa ina lami, lakini mlima ni uleule, na lami inaficha zaidi kuliko udongo. Ukiona ufa umekwenda sambamba na ukingo, usiupime kwa macho ukiwa umekaa kwenye usukani. Shuka, chungulia chini kutoka pembeni penye ardhi ngumu, si juu ya ukingo wenyewe. Ukiona maji ya matope yanatoka mlimani mahali ambapo juzi palikuwa pakavu, au mti na nguzo ya umeme vimeinama kuelekea barabarani, rudi nyuma, usisubiri kuambiwa. Mvua ikikatika usishangilie. Mlima uliokunywa siku tatu unaweza kushuka siku ya nne, jua likiwaka. Polisi wakiifunga njia, usitafute mwenyeji wa kukuonyesha kichochoro. Na uwasikilize wanaokaa pale mlimani hata kama wanauza kabichi tu, maana wao wanalala na mlima huo.

Haya yote unaweza kuambiwa na yeyote. Langu mimi ni moja: ukipita salama mahali pabaya, kazi yako haijaisha, umefika nusu tu. Tawi ulilolisogeza lirudishe. Lililoachwa bila sababu liondoe, ili wenzako waendelee kuyaamini matawi. Na hiyo simu yako, usiandike tu "nimepita". Andika uliona nini. Andika ulihisi nini chini ya magurudumu, hata kama utaonekana mwoga, hata kama tajiri atakasirika. Kuna mtu anawasha gari kwa sababu ya neno lako, na huenda ndiye aliyekufundisha gari.

Sasa inuka ukaze ile kamba ya kushoto, imelegea. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kukubali kuchelewa. Akufikishe ulikotumwa, akurudishe kwa mama yako na miguu yako miwili, na kila ajaye nyuma yako aikute njia ulivyoikuta wewe, na alama zake zote zipo. Nenda, mwanangu.