Nani-Kasema na Nyumba ya Shangazi

Wifi yangu alipata jina la Nani-Kasema kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikokuwa dobi kwa miaka kumi na tisa. Mtu akimwambia shuka fulani halitakati tena, litupwe, alikuwa anauliza, "Nani kasema?" kisha analizamisha upya kwenye pipa. Wenzake walianza kwa kumtania, na mwishowe hata daktari mkuu akawa anamwita hivyo mbele ya wageni.

Mimi ni dada mdogo wa mume wake, nashona nguo. Miaka ile tulikuwa tunakaa watu saba kwenye vyumba viwili vya kupanga: yeye, kaka yangu ambaye ni dereva wa lori, binti zao watatu, mama yetu mzazi, na mimi na cherehani yangu. Cherehani ilibanwa miguuni pa kitanda cha mama. Nikikanyaga, kitanda kinatetemeka, na mama anauliza tumefika wapi, maana yeye yuko safarini.

Ndipo shangazi yake wifi, yule aliyemlea, alipofariki na kumwachia nyumba yake. Ilikuwa kijumba cha mawe mwishoni mwa mtaa, nyuma ya gereji, na kilikuwa kimefungwa miaka sita tangu shangazi ahamie kwa nduguye. Jumapili moja tulikwenda wote kukitazama. Mlango uligoma, tukausukuma kwa mabega. Ndani kulikuwa na vyumba viwili vikubwa na jiko, mabati yameoza yakawa mekundu kama maini, sakafu imeinuka katikati, na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa kuanzia juu hadi chini. Nilipitisha mkono nikawapungia watoto waliokuwa nje.

Kaka yetu mkubwa alikuja na futi yake ya chuma. Yeye anafyatua matofali, na mtaa mzima unamwita Tofali. Alizunguka mara moja tu.

"Shemeji," akasema, "hii si nyumba. Hiki ni kifusi kinachosubiri siku yake. Bomoa, mimi nikupandishie ya matofali, miezi miwili unaingia."

"Shemeji, hata wewe una mwanya hapo mbele kwenye meno," wifi akamjibu, "na mkeo hajaomba ubomolewe."

Tulicheka, Tofali naye akacheka. Lakini wifi alishaanza kugawa vyumba. Mama akae chumba cha mbele kwenye jua la asubuhi, mimi na cherehani yangu tukae dirishani. Niseme ukweli wangu: siku ile nilikuwa upande wa Tofali. Nilimwona wifi mkaidi tu, na nikamwambia mama hivyo njiani.

Wiki mbili baadaye tulikuta alama ya X imepakwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele, kubwa kuliko mlango, na chini yake neno moja: BOMOA. Majirani walikuwa wamesimama kwenye vibaraza vyao, wanatutazama kwa huruma ile inayokera. Wifi aliigusa rangi, ikamganda kidoleni. Akakifuta kidole ukutani palepale, akaenda kukagua mlango.

"Hawakuingia," akasema. "Kufuli halijaguswa. Mtu amehukumu nyumba yangu akiwa amesimama barabarani."

Kesho yake alinivuta twende wote ofisi ya ujenzi. Karani hakuinua hata uso. "Mama, alama ikishawekwa imewekwa."

"Nani kasema?"

"Sheria imesema."

"Nisomee basi. Mimi nasikia vizuri."

Karani akahema, akavuta faili. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa barua ya malalamiko: nyumba hatarishi, inaweza kuua watoto, serikali ichukue hatua. Iliandikwa kwa herufi kubwa zilizolala upande, na sisi wote wawili tuliujua mwandiko ule. Ndio uliopo kwenye kibao cha kiwanda cha matofali cha kaka yangu. Nilihisi masikio yananiwaka kwa aibu. Wifi aliisukuma barua pembeni. Alimwambia karani kwamba hataondoka mpaka mkaguzi aje aikague nyumba kwa ndani, akakaa kwenye benchi, akatoa kwenye mkoba soksi za watoto akaanza kuzitia viraka.

Saa nane mkaguzi aliona bora aende. Alikuwa mtu mwembamba, si mbaya, amechoka tu. Aligonga kuta zote kwa nyundo ndogo, akapanda kuangalia kenchi za paa. Aliposhuka alisema kuta tatu ni nzima, nzima kuliko alivyodhani. Ule wa nyuma hauponi. Ushushwe wote, ujengwe upya, na paa liegemezwe wakati huo lisije likaporomoka.

"Siku tisini, mama. Ya tisini na moja naleta mashine."

"Ya tisini na moja ukija utakuta chai," wifi akamwambia.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kiwandani kwa Tofali. Nilimfuata, nikijua kitakachotokea.

"Shemeji, barua yako nimeiona."

Kaka aliweka koleo chini. Hakukana. "Niliandika kwa ajili yenu. Ukuta ukiwaangukia watoto je?"

"Ungeniambia usoni."

"Nilikuambia usoni, hukusikia!"

"Nilisikia. Nilikataa. Hivyo ni vitu viwili, shemeji."

Akageuka, akaondoka. Karibu miezi miwili hawakusemezana.

Sasa shida ikawa fundi. Wa kwanza alisema ukuta wa mawe siku hizi haujengwi, wa pili alisema unajengwa ila kwa wazimu. Wa tatu wifi alimpata palepale hospitalini, wodi ya mifupa, alipopeleka mashuka. Alikuwa mwashi mzoefu aliyedondoka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, na alikuwa anagombana na wauguzi kuhusu rangi ya dari. Wifi akamweleza ufa.

"Nje pamepigwa lipu ya nini?" akauliza.

"Saruji."

"Na mawe yalijengewa chokaa?"

"Nadhani."

"Basi aliyepiga hiyo saruji ndiye aliyekubomolea. Maji yanaingia kwenye ufa, yanakosa pa kutokea. Chokaa ndani inageuka unga."

"Kama shuka likikunjwa bichi na kuwekwa kabatini," wifi akasema.

Yule mwashi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hasa," akasema. "Nikitoka hapa nitakuja. Mguu wenyewe ndio huu, kwa hiyo nitasema tu. Utajenga wewe."

Alikuja kweli, na magongo mawili, na kuanzia siku hiyo akawa Fundi Magongo. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki na kutukana kila mtu kwa usawa. Kwa amri zake paa liliegemezwa kwa nguzo sita, kisha wifi akaushusha ukuta jiwe kwa jiwe, akiyaandika namba kwa chaki. Chokaa waliizima kwa kuimwagia maji kwenye nusu pipa. Ilichemka bila moto, na wanawake wa mtaa walikuja kushangaa. Wifi alitoka kazini saa tisa, akavua sare, akafunga kanga kiunoni, akajenga mpaka giza lilipomfukuza. Glavu zilikuwepo, lakini Magongo alisema mwiko haushikwi kwa glavu, wakagombana, na wifi akazivaa.

Mama yangu aligoma kubaki nyumbani. Alidai nafasi uani na kisu kisicho na makali, akawa anakwangua chokaa kuukuu kwenye mawe, siku nzima, jiwe baada ya jiwe. Nikamwambia atachoka. Akaniambia amechoka zaidi kusafiri na cherehani yangu.

Kaka yangu dereva alirudi kutoka safari ya siku kumi na sita. Alisimama uani bila kutua begi, akatazama nguzo sita na anga.

"Mke wangu, niliacha nyumba ina kuta nne."

"Umeikuta ina tatu. Begi weka pale, ndoo ile kule."

Akaweka begi. Kaka yangu si mtu wa maneno, ila jioni ile nilimsikia anamuuliza Magongo jinsi ya kushika timazi, ile kamba yenye kizito ya kupimia kama ukuta umenyooka.

Siku ya hamsini na nne mvua ilinyesha kabla ya majira yake. Ukuta ulikuwa umefika kifuani na chokaa ya juu ilikuwa bado laini. Tulipofika asubuhi tulikuta kona nzima imelala chini, kazi ya siku tisa, chokaa imetiririka hadi kwenye mtaro kama maziwa. Majirani walishajaa. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Si aliambiwa?"

Mimi nilikuwa namtazama wifi tu. Nilidhani atakaa chini alie, na nadhani kama angelia pale tungefunga virago wote. Alivua viatu. Akaingia kwenye matope, akaokota jiwe, akalifuta kwa upindo wa kanga ili aone namba.

"Arobaini na moja," akasema. "Nani ananitafutia arobaini na mbili?"

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimeahidi kumaliza sare za shule siku hiyo. Nikavua viatu vyangu nami, nikaingia. Arobaini na mbili ilikuwa chini ya mguu wangu. Binti zake wakafuata, kisha mwanamke aliyesema, "Si aliambiwa?" akaja na beseni bila kututazama usoni.

Mchana lilisimama gari dogo la kubebea matofali. Tofali akashuka na turubai kubwa begani na vijiti vya kulisimamishia.

"Shemeji, sikuja kuomba msamaha," akasema. "Nimekuja na turubai."

Wifi hakuacha kufuta jiwe lake. "Turubai funga pale juu. Msamaha tutauzungumza ukuta ukikauka."

Akalifunga, na akalifunga vizuri, kisha akabaki. Magongo alimtukana zaidi ya wote, kwa sababu ya matofali.

Mkaguzi alirudi siku ya themanini na sita. Ukuta ulikuwa umesimama, umepigwa lipu ya chokaa ndani na nje, paa lina mabati mapya na mifereji inayopeleka maji mbali na msingi. Alitoa timazi yake, akaishusha, akakunja uso.

"Mama, ukuta umelalia ndani. Kidole kizima kule juu."

Wifi hakutikisika. "Pima na ule wa kulia."

"Ule si hoja yetu."

"Uliniambia ule ni mzima. Pima."

Mkaguzi akapima. Nao ulilalia ndani kidole kimoja. Akapima wa kushoto, akapima wa mbele. Zote nne. Magongo kwenye kiti chake alikuwa anajikuna kidevu kwa raha. Walioijenga nyumba ile walizilaza kuta kidogo zitegemeane, na wifi alikuwa ameufuata mkono wao. Mkaguzi akatia sahihi akiwa ameegemea ukuta wenyewe. Chai alikunywa vikombe viwili.

Tulihamia wiki iliyofuata, kwa lori la kaka, safari moja ikatosha. Mama alipewa chumba cha mbele na akaishi humo miaka minne, akalalamikia kila kitu isipokuwa jua. Cherehani yangu ipo dirishani mpaka leo. Wateja wananipitishia nguo bila kuingia ndani. Tofali bado anauza matofali, ila mteja akitaka kubomoa nyumba ya zamani humleta kwanza aone ule ukuta wa nyuma, na humwambia "tuliujenga", kwa wingi. Wifi humwacha aseme.

Yeye mwenyewe alistaafu mwaka jana. Hospitali ilimfanyia sherehe ndogo na kumwambia sasa akapumzike. Jumatatu yake nilisikia tindo inalia jikoni, nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameshachora mlango kwa chaki kwenye ukuta wa upande, anataka kutoboa aongeze chumba cha tatu kwa ajili ya wajukuu, na hakuwa amemuuliza mtu. Kaka yangu, mume wake, alikuwa mezani anakula. Alisogeza sahani yake mbali na vumbi, akaendelea kula.