King'ora cha Tata Philippe

Hatukulewa. Naanza hapo, kwa sababu maneno yametoka hapa Kolwezi, yameshafika Tenke, na huenda sasa yanapanda treni kurudi. Wanasema kwamba kwenye harusi ya binti yangu Myriam, familia ya marehemu mume wangu, Kabeya, ilianguka chini ya meza kwa pombe kabla wakwe hawajafunguliwa hata soda. Kulala chini ya meza, tulilala. Lakini pombe yote ilikuwa bado stoo, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi.

Ili mambo yaeleweke, lazima nieleze habari za shemeji yangu, Philippe.

Philippe ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu aliongoza kikosi cha baruti mgodini. Philippe alipiga king'ora. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya maishani, na aliifanya vizuri. Mlio mmoja mrefu: zamu inaanza. Milio mitatu mirefu: baruti inalipuka, jifiche chini ya chochote, mawe yanakuja. Kisha mlio mfupi: toka, umepona. Hakuna aliyeinua kichwa kabla ya mlio mfupi. Walioinua tuliwaimbia kanisani.

Zamu zile ziliisha zamani. Philippe hakuisha. Alinunua king'ora kizee kwa wauza vyuma chakavu, kile cha kuzungushwa kwa mkono, akakifunga kwenye benchi uani. Kila asubuhi saa kumi na mbili alivaa kofia yake ya mgodini, akakizungusha, kisha akarudi kulala. Nilimuuliza anamwamsha nani. Akajibu, "Zamu ya kwanza."

Jirani yake Sadrack, kijana mchimbaji anayerudi alfajiri kutoka mashimoni, alimwambia, "Tata, ile kazi ilikufa. Utuache tulale."

"Haikufa, mutoto. Inapumuzika."

"Basi na weye upumuzike."

Harusi ilipokaribia, Philippe aliniomba jambo moja: ampokee Myriam kwa king'ora, kama baba yake alivyopokelewa kazini kila asubuhi. Nilikataa. Wakwe ni watu wa Musumba, watu wanaojua kukaa wima mbele ya chifu. Hawaji kusikia kelele za mgodi.

"Mulio mumoja tu, Mama Myriam. Murefu."

Nikakubali, kwa sababu Kabeya angekubali.

Myriam akatokea mlangoni mwa ukumbi na shela lake. Philippe, aliyekuwa amebeba king'ora na benchi lake hadi ukumbini, akazungusha. Mlio ukapanda vizuri sana, kisha pumzi ikamwishia. Akapumzika kidogo, akazungusha tena. Pumzi ikaisha tena. Akazungusha tena.

Mitatu.

Hakuna aliyefikiri. Wastaafu wote wa mgodi, pamoja na wake zao, tulikuwa chini ya meza kabla mlio haujakatika. Tata Dodo, ambaye kwa sababu ya goti huletewa maji hadi kitandani, alifika wa kwanza. Myriam, aliyefundishwa na baba yake kujificha kabla hajajua kusoma, aliingia chini ya meza ya keki na shela lake lote. Wakwe wakabaki wanatazama viti vitupu.

Mkuu wa msafara wao, Tata Yav, mgane mpole wa sauti ya chini, aliinama akafunua kitambaa cha meza.

"Mama, munapoteza kitu?"

"Tunangojea mlio mfupi," nilimjibu, kwa heshima yote aliyo nayo mtu aliyelala kifudifudi.

Mlio mfupi haukuja. Mpini wa king'ora ulikuwa umebaki mkononi mwa Philippe.

"Piga na kinywa," mtu akasema. Philippe akajaribu. Ilitoka sauti ya mbuzi.

"Hiyo hapana yenyewe," Dodo akasema, wala hakusogea.

Tata Yav akanyooka, akawaambia watu wake, "Tulikuya kuoa. Kama jamaa ya mwanamuke banatukimbia chini ya meza, tubebe bitu yetu, turudie Musumba." Wakaanza kuvaa makoti. Nilimsikia Myriam akivuta kamasi chini ya keki.

Hapo Philippe akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia ile mbele za watu. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani.

"Mutoke," akasema. "Batu yote, mutoke. Hakuna baruti. Hakuna zamu. Ile kazi ilikufa. Ni mi nasema, mi wa king'ora. Leo kuko harusi, na kuku inakuwa baridi."

Kichwa cha Dodo kikachungulia.

"Uko hakika?"

"Niko hakika."

Tukatoka mmoja mmoja, tukijipangusa magoti. Tata Yav alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti. Akatutazama, akaanza kucheka, na ule wima wa Musumba ukamwishia kabisa. Wanaume wawili walimshika asianguke. Kisha wakakaa, wakala.

Kesho yake jua likapanda bila king'ora. Sadrack akaenda kubisha mlangoni kwa Philippe.

"Tata, uko muzima? Sikulala, nangojea king'ora."

"Mi nilistaafu, mutoto. Jana."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wengine sasa wanauliza kwa nini Tata Yav amerudi Kolwezi mara tatu tangu harusi, wakati barabara ya Musumba msimu huu inameza malori. Wamuulize yeye. Mimi sisemi.