Ashura Aliyeacha Ukoko

Mtaa mzima wa Kahororo, pale Bukoba, ulijua Ashura anapika wapi kwa kusikia kicheko chake. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote palipowekwa sufuria kubwa juu ya mafiga, mwiko ulikuwa mkononi mwake. Malipo aliyoyapenda kuliko pesa ni ukoko. Watu wakishapakuliwa, alivuta kigoda karibu na sufuria ya pilau, akaubandua ukoko kwa kijiko na kuutafuna taratibu huku akiwasimanga wasichana waliomsaidia. Ukimwomba kipande, alikuuliza kama na wewe ulipika.

Mwili ulikuwa mkubwa, na haukumsumbua mpaka magoti yalipoanza kukataa. Ikafika mahali akichuchumaa motoni lazima ainuliwe na watu wawili. Ndipo aliposikia kwamba kliniki moja mjini Bukoba inatafuta watu wanene wa kufanyiwa majaribio ya dawa mpya. Akaenda kujiandikisha pamoja na wengine, na daktari aliwaeleza vizuri tu. Kichwani, alisema, kuna mlango ambao bangi huupitia, ndiyo maana mvutaji hushikwa na njaa kali. Dawa hii inaufunga mlango huo, na hamu ya kula inapungua. Akaongeza kwamba dawa za namna hii ziliwahi kuwaletea watu huzuni, kwa hiyo wao wataulizwa kila mara wanajisikiaje. Watu wakabaki kuchekea lile la bangi. Hakuna aliyeuliza mlango huo hupitisha nini kingine.

Dawa ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Magauni yakaanza kumpwaya, akawa anachuchumaa na kuinuka mwenyewe. Mumewe Mustapha, anayekwenda kisiwa cha Bumbire kununua samaki, kila akirudi alimkuta mke amepungua, na akawatambia wenzake mwaloni, samaki wanaposhushwa. Ukoko ukawa unagawiwa wasichana. Kisha kicheko nacho kikaisha. Alipika, akapakua, akanawa mikono, akaketi.

Ikaingia Ramadhani, na mji mzima ukafumba macho. Mwanamke yuko kimya, hali chakula, anatazama chini, hakosi swala: watu wakasema Ashura amemrudia Mola wake. Mustapha akaambiwa ana bahati ya mke. Hasira hunipanda nikikumbuka sifa zile. Hawakujua kwamba adhana ya magharibi ilimkuta na tende mkononi, haitaki. Hawakujua kwamba alijifungia chooni akalia, kwa sababu aliona hata funga yake ni ya uongo. Anajinyima nini mtu asiyetaka kitu? Katika dua zake alikuwa ameanza kumwomba Mungu amchukue.

Muuguzi wa kliniki, binti mpole aitwaye Edvina, alimpigia simu kila wiki.

"Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

"Na moyo je? Hakuna mawazo mabaya?"

"Namshukuru Mungu."

Angejibu nini? Tangu anajifunza kusema alifundishwa kwamba ukiulizwa hali, unajibu nzuri, hata kama umetoka kuzika. Mengine hufuata baadaye, mkishaketi. Simu ya Edvina haikuwa na kuketi. Alikuwa na wengine wa kuwapigia.

Idi pili Ashura akaenda Muleba kwa mama yake, Ephrasia, mkulima wa kahawa na migomba, aliyempeleka kubatizwa kwa jina la Jovita, kabla hajaolewa, akasilimu na kuitwa Ashura. Mama alimpikia ebitoke, ndizi za kwao, kwa maharage, akamwekea na kahawa ya kutafuna, akawa anamtazama. Chakula kikapoa.

"Jovita waitu, mwanangu, unaumwa wapi?"

"Siumwi, Mawe," akajibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Sitaki tu."

"Hutaki ndizi?"

"Sitaki chochote, Mawe. Hata kesho siitaki."

Ephrasia alimshika mikono yote miwili kama anamzuia asianguke. "Ni hivyo vidonge. Wewe hukuwa hivi. Nenda ukawaambie maneno hayo hayo, usipunguze hata moja. Niahidi."

Akaahidi. Njia nzima ya kurudi Bukoba aliyarudia maneno yale moyoni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitamani kitu. Alitamani kusikilizwa.

Kliniki, Edvina alimpokea kwa tabasamu. "Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba. Nzuri." Mdomo ulikuwa umeshatangulia.

Kabla hajaongeza neno, Edvina alimwambia kwamba dawa imesimamishwa, asimeze tena hata kidonge kimoja. Huko kwingine baadhi ya waliopewa walikata tamaa ya kuishi. "Lakini wewe, mama, Mungu amekupenda. Kila tulipokuuliza ulikuwa mzima. Basi leo tunaagana, huna haja ya kurudi." Akampigia makofi kidogo kwa kilo zote alizopungua.

Maneno yote ya Muleba yalikuwa kinywani mwa Ashura. Aliutazama uso ule uliofurahi kwa ajili yake, akaona haya kuuharibu.

"Namshukuru Mungu," akasema, akachukua mkoba wake.

Alipofika nje simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, Mawe."

"Wamesemaje?"

"Wamesema mimi ni mzima."