Mama Mizani na chatu aliyekataa kusahau mayai yake

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Mizani amesimama nje ya mlango ambao kwa miaka kumi na moja ameufungua yeye kila siku ya kazi. Leo haufungui. Mikono kaiweka nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo vya wageni.

Ndani ya chumba, kwenye mashine ya kuangulia, mayai sita ya chatu yameanza kupasuka.

"Wa kwanza katoa pua," inasema sauti ya mzee kutoka ndani.

"Rangi gani?"

"Sijui. Miwani nimeiacha mezani."

"Daktari, jamani. Mtu anakwenda kuzalisha bila miwani?"

"Si uliniambia niwahi?"

"Nilikwambia uwahi pamoja na macho yako."

Daktari ni daktari wa meno mstaafu, ana miaka sabini na minne. Nyumba ni yake na chatu ni wake. Wako thelathini na mmoja, wale wafupi wanene wanaojikunja kama mpira wakishtuka, ambao watu huwanunua na kuwafuga sebuleni. Mama Mizani, mwenye miaka hamsini na miwili, ndiye mfanyakazi wake pekee. Anawaosha, anawalisha, anawapima. Jina hilo alipewa na wateja, maana ukimpigia simu kumweleza shida ya nyoka wako, kabla hujamaliza salamu atakuuliza: "Ana gramu ngapi?"

Sababu ya yeye kusimama nje iko chumba cha pili, kwenye sanduku namba kumi na nne. Humo yumo mama wa mayai haya. Ana miezi sita hajala. Leo ni Ijumaa. Akikataa chakula na leo, Jumatatu anakuja daktari wa mifugo kumlisha kwa mrija. Kwa umri wake na wembamba aliofikia, mrija huo unaweza kuwa ndio unaomuua.

Mama Mizani hakuanza kwa kuwapenda nyoka. Alikuwa dobi wa hoteli, mashuka mia mbili kwa siku, mpaka hoteli ilipofungwa. Jirani akamwambia kuna mzee anatafuta mtu wa kuosha vyombo. Alipofika akakuta vyombo vyenyewe ni masanduku ya plastiki yaliyopangwa kwenye rafu hadi darini, na kila sanduku lina mwenyewe ndani.

"Siku ya kwanza niliosha huku nalia," anasema. "Daktari akaniletea kiti. Akaniambia, lia ukiwa umekaa, mgongo usije ukauma."

Mshahara ulikuwa mara mbili ya ule wa hoteli. Machozi yakakauka.

Mumewe, dereva wa lori la mchanga, yeye alichukua muda mrefu zaidi. Kwa miaka miwili hakupokea sahani kutoka kwa mkewe mpaka amwone ananawa mbele yake. "Mke wangu namjua," alikuwa akiwaambia wenzake. "Ila mikono yake sijui imeshinda wapi."

Mwaka mzima kazi ni ileile: kubadilisha karatasi, kumwaga maji, kuosha, kupima. Lakini baridi ikianza kuingia nyoka hubadilika, na simu ya Mama Mizani hailali. Huo ndio msimu wa kupandana.

Dume aliyezoea kulala kutwa huanza kuzunguka sanduku bila kutulia. Anasukuma kifuniko kwa pua mpaka pua inachubuka. Ukimpa panya anamtazama kama vile hajawahi kumwona. Anaweza kukaa miezi mitatu hivyo, na haumwi.

"Nawaambia wateja, mwacheni. Mpeni maji, mpimeni kila wiki. Akipungua kidogo ni mapenzi, akipungua sana ni maradhi, mleteni," anasema. "Fundi viatu mmoja akaniuliza, mapenzi na nani, wakati yuko peke yake sandukuni? Nikamwambia, hayo ndiyo mabaya zaidi."

Jike ana mambo yake. Kwanza anakula kwa pupa, kisha anagoma ghafla. Anajizungusha kwenye bakuli la maji, anahamia upande wa baridi, mara nyingine analala tumbo juu. Rangi yake inang'aa kuliko kawaida. Mwenye nyoka akiona hayo anajua huyu anakufa.

"Wanapiga simu wanalia. Nauliza, aliwahi kuwekwa na dume? Wakisema ndiyo, nawaambia hongereni, nendeni mkalale."

Akishataga, jike hujiviringisha juu ya mayai yake na hatoki. Hali chochote mpaka yaanguliwe, kama miezi miwili hivi. Kwa kuwa kabla ya hapo alishafunga miezi kadhaa, wafugaji wengi hawamwachi. Katika nyumba hii mayai hupelekwa kwenye mashine, na mama huoshwa.

Kuosha huko ndiyo kazi ambayo Mama Mizani haipendi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kuanzia shingoni hadi mkiani. Sanduku linasuguliwa, karatasi zinatupwa, bakuli linabadilishwa. Chatu macho yake si mazuri. Anayajua mayai yake kwa ulimi, kwa harufu. Harufu ikibaki ataendelea kulinda hata kama mayai hayapo. Ikiondoka, baada ya wiki moja au mbili anapokea panya kama kawaida.

"Namwosha ili asahau," anasema. "Siku nyingine zote huwa naongea nao. Siku ya kuwaosha sina la kusema."

Kumi na Nne hakusahau.

Daktari hataki nyoka wapewe majina, kwa sababu wanauzwa. Lakini huyu hakuwahi kuuzwa. Ana miaka kumi na tisa, na alikuwamo katika sanduku lenye namba hiyohiyo siku dobi alipoosha akilia. Mama Mizani anamwita Bi Mkubwa. Mumewe aliposikia alimuuliza, "Kama yeye ndiye Bi Mkubwa, wewe huko ni Bi Mdogo?"

Kabla ya msimu Bi Mkubwa alikuwa na gramu 2,100. Alipomaliza kutaga alibaki na 1,450. Akaoshwa. Wiki mbili zikapita, akakataa panya. Akaoshwa tena. Wiki ya nne akaoshwa mara ya tatu na kuhamishiwa sanduku jipya kabisa. Wapi. Siku zote alikutwa amelikumbatia bakuli la maji kama vile ndani yake kuna watoto. Mizani ikawa inashuka: 1,380, 1,310, 1,260.

"Daktari akasema tumwite wa mifugo na mrija wake," anaeleza. "Nikasema mzee, huyu bibi koo lake si la mrija. Akaniuliza, una njia nyingine? Sikuwa nayo."

Wiki ya sita mgongo ukamkamata Mama Mizani, akalala nyumbani siku nne. Mzee alibaki na nyoka peke yake. Mayai hakuyagusa. Alisoma tu kipimajoto kupitia kioo cha mashine na kwenda zake.

Mama Mizani aliporudi, Daktari alimpokea mlangoni. "Yule wako kaacha bakuli. Tangu juzi yuko upande wa joto, kajinyoosha."

Alifurahi mpaka akasahau mgongo. Kama kawaida yake akaanza na mashine. Akafungua, akafuta unyevu, akayagusa mayai moja moja kuona kama hayajabonyea. Akasuuza mikono. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa wake, akamfungua, akampapasa mgongo, akampa pole. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwa wiki sita.

Saa nane mchana alipochungulia, Bi Mkubwa alikuwa amelizunguka bakuli tena, kichwa juu, ulimi ukitoka na kuingia.

"Nikakaa chini sakafuni," anasema. "Nikasema, kumbe ugonjwa wake ni mimi."

Kila siku alikuwa akimpelekea harufu ya mayai yake, kwenye vidole na kwenye aproni. Kadiri alivyomhurumia ndivyo alivyomfungisha. Kunawa alinawa, lakini kwa kusuuza. Hilo linamuuma kuliko yote. "Mimi dobi. Madoa ya watu wote nimeyatoa, ya kwangu sikuyaona."

Daktari mwanzoni alidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Baadaye akakubali kusogeza siku ya daktari wa mifugo. Akatoa siku kumi, na nyumba ikagawanywa. Mayai ni ya Daktari, Bi Mkubwa ni wa Mama Mizani. Chumba cha mashine yeye hakanyagi. Aproni ya zamani ilichomwa.

Mtu wa nje anaweza kusema kutoingia chumba hicho ni jambo dogo. Si dogo. Kazi hii ni kinyesi, panya waliogandishwa na maji ya sabuni kuanzia Januari hadi Desemba. Kuna asubuhi chache tu katika mwaka ambapo ganda linachanika kidogo na kipua kinatokeza, chenye unyevu, kisha kinatulia hapo siku nzima kikiutazama ulimwengu. Mama Mizani amewaona wote walioanguliwa katika nyumba hii tangu aajiriwe. Anakadiria wamezidi mia tatu. Hajawahi kukosa.

Kwa nini asingesubiri mayai haya yaanguliwe kwanza, ndipo aanze masharti haya?

"Yeye ndiye hana siku za kusubiri," anajibu. "Watoto wana mashine."

Saa sita kasoro, anatoa panya kwenye friza na kumloweka katika maji ya moto mpaka awe na joto la mwili. Anampima Bi Mkubwa kwanza: gramu 1,190. Anamrudisha, anamkamata panya kwa koleo ndefu na kumshusha polepole ndani ya sanduku.

Siku tatu sasa Bi Mkubwa hajalikaribia bakuli. Amejikunja upande wa joto, ngozi imelegea ubavuni kama soksi iliyopwaya. Ulimi unatoka. Kichwa kinasogea kuelekea panya, kinasimama. Dakika tano. Mkono wa Mama Mizani hautikisiki. Dakika nane. Nyoka anageuza kichwa na kuangalia ukutani.

"Sawa, bibi," anamwambia kwa upole. Anamlaza panya karibu naye, anafunga kifuniko, anatandika taulo jeusi juu. Kisha anageuza ndoo na kuikalia.

Hafanyi kazi nyingine. Hashiki simu, ingawa inaita mara mbili. Robo saa inapita.

Kinasikika kishindo kidogo, kama kitabu kilichoanguka kwenye zulia. Sanduku linatikisika.

Hainuki. "Ukimfungulia sasa atatema," ananong'ona. Anasubiri dakika ishirini nyingine kwa saa ya ukutani. Ndipo anainua kona ya taulo na kuchungulia. Anaishusha. Anachukua kitambaa na kuanza kuifuta mizani ambayo tayari ni safi.

"Vipi huko?" Daktari anauliza kutoka koridoni. Hasogei zaidi ya hapo, naye ana masharti yake.

"Anakula."

"Anakula, au kala?"

"Kabakiza mkia."

Mzee anasikika akipenga kamasi. "Basi njoo uwaone hawa. Wote sita wametoa vichwa. Miwani nimeshaipata, mmoja ana rangi ya asali."

"Siji."

"Keshakula, mama. Unaogopa nini tena?"

"Mara moja ni bahati, Daktari. Akila mara tatu ndipo nitakuja."

"Watakuwa wamekua."

"Si ndiyo kazi yao? Nitawakuta."

Daktari wa mifugo atapigiwa simu asije. Panya wa pili atatolewa baada ya siku kumi, mdogo kuliko huyu, ili tumbo lizoee. Mama Mizani anataka kumwona amefika gramu 1,600 kabla baridi haijarudi.

Msimu ujao Bi Mkubwa hatawekwa na dume. Hilo limekwisha kuamuliwa. Mama Mizani aliomba apewe akakae naye nyumbani, na Daktari amekubali bure, kwa sharti moja kwamba kila Ijumaa aletewe uzito wake.

Sasa anampigia mumewe. Sauti ya lori inasikika nyuma.

"Amekula, baba watoto."

"Ee. Kwa hiyo anakuja kweli."

"Anakuja."

"Nafasi nimeshatoa, pale pembeni ya televisheni. Kufuli nimenunua mbili. Na nilishasema, mimi kumshika simo."

"Nani kakuomba?"

"Nasema mapema." Lori linanguruma, kisha linatulia. "Maana mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tutampa nini, na mikono hana?"

Mama Mizani anakitazama kile kifuniko chenye taulo jeusi.

"Huyu keshalima," anasema. "Anakuja kukaa."