Paji la Uso la Zabuloni

Harufu ya mawese yanayochemka kwenye pipa hunirudisha Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, na niwaambie ukweli, siipendi. Wengine hutokwa na mate wakiinusa. Mimi hufunga dirisha.

Nilizaliwa mwaka wa uhuru wetu, sitini na mbili, kwa hiyo mwaka wa sabini na mbili nilikuwa msichana wa miaka kumi, mdomo mrefu kuliko miguu. Darasani mwalimu alitundika picha ya mtu wa kale: paji limelala nyuma, nyusi zimekaa juu ya mfupa mnene kama ukingo wa chungu. Alisema watu wa aina hiyo waliishi Ulaya miaka mingi mno, kisha wakaja watu kama sisi, na wale hawakuonekana tena. Nikanyoosha kidole.

"Mesiye, ni nani aliwamaliza?"

Alitazama mlango kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Kaa chini," alisema, akaikunja picha kabla kengele haijalia. Nikajua kuna jambo tunafichwa.

Basi nikaanza kumtafuta aliyebaki. Sikwenda mbali. Nyuma ya nyumba yetu aliishi Baba Zabuloni, mpika mawese, mtu wa peke yake aliyeteremka kutoka Bugarama, kule milimani, kabla sijazaliwa. Paji lake lilikuwa lile lile la pichani, naapa. Nilimchunguza: anakula nini, anatembea vipi, mbona hana wageni? Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alizitafuna pamoja na vichwa, nami nikalihesabu hilo kuwa ushahidi, ingawa nyumbani kwetu tulizila vivyo hivyo. Siku moja nikamwendea na uzi wa wavu, nikamwomba nimpime kichwa. Alicheka, akachuchumaa.

"Pima, mutoto wangu. Lakini usikivunje, niko nacho kimoja tu."

Siku zile malori ya serikali yalikuwa yakichukua watu wasirudi tena, na wakubwa, baba na mama wakiwemo, walinyamaza kila tulipowakaribia. Asubuhi moja bwana mwenye shati safi alinisimamisha bombani, akanipa biskuti.

"Amahoro, mutoto. Hapa kwenu iko mutu wa kutoka milimani, mwenye kukaa peke yake?"

Hatimaye, nikafikiri, mtu mzima anayeshuku ninachoshuku! Nilimweleza yote, paji na uzi, nikamwonyesha na mlango wenyewe.

Kesho yake moto wa Zabuloni ulikuwa umezimika na mawese yameganda pipani. "Amesafiri," mama alisema, bila kuulizwa. Wiki haikuisha, familia nyingine ilikuwa inapikia kwenye pipa lile. Walikuwa watu wazuri, walitusalimu kila asubuhi. Mama alizoea kuniambia mdomo uliponza kichwa. Hakuniambia kwamba kichwa chaweza kuwa cha jirani.

Siku hizi wataalamu wanasema damu ya wale watu wa kale haikwisha, imo ndani ya walio hai. Zabuloni hakuacha mtoto.

Siri hiyo niliibeba peke yangu, au ndivyo nilivyodhani, mpaka mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Nikamwungamia. Alinisikiliza, kisha akageukia ukuta.

"Nilikuona pale bombani, mwanangu. Nilikuwa nyuma yako na ndoo. Nikasikia ni Zabuloni anatafutwa, si baba yako. Nikashukuru Mungu, nikakuacha umalize kusema."