Mpishi Aliyenusurika Nyambizi

Mpishi wa shughuli pale Kilwa Kivinje hapiki bila kuimba, na sauti yake mbovu huwavunja mbavu akina mama wanaomenya vitunguu. Mchuzi huuonja kwa kuudondosha kiganjani, akafumba macho kama anayeusikiliza. Mwaka jana alikuwa bado anapika kwenye meli ya mizigo, hadi nyambizi ya vita ilipoipiga kombora, meli ikazama. Yeye na wenzake waliokolewa, ila rafiki yake Nikodemo, fundi wa mitambo, hakuonekana. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliipiga namba yake, nayo haikupatikana.

Jumamosi iliyopita, pilau la harusi likipakuliwa, mtu aliyekonda alisimama uani.

“Ndugu yangu, bado unaimba vibaya hivyo?”

Upawa ulimponyoka mpishi. Alimkumbatia Nikodemo, akampapasa uso kwa mikono yenye masizi mpaka ukawa mweusi, wote wakicheka na kulia.

“Waliniokota haohao walioizamisha, wakanishikilia miezi saba.”

“Utasimulia ukishashiba,” mpishi akasema, akamkalisha mkekani, akamwekea mbele sinia la bwana harusi. Bwana harusi akacheka, akanawa mikono, akaketi kula naye.